Mfunga Vitanda wa Mtoni

Skrubu ya inchi tatu ilizama ndani ya ubao wa mninga kabla Mwanaheri hajaimaliza bismillahi yake. Akabaki mdomo wazi. Alfonsi, mpangaji wake wa chumba cha uani, akachukua skrubu nyingine, akaipachika kwenye ncha ya mashine yake ya kufungia, akabonyeza kwa kidole kimoja. Drrrr! Nayo ikapotea. Kidole kimoja, nakwambia! Hakutumia bega, hakutumia kiwiko, wala hakuuma meno.

"Hebu tena," Mwanaheri akasema.

Akarudia, na tena, na tena. Mara ya nne Mwanaheri akasimama, akauzunguka ule ubao, akainama kuchungulia kwa nyuma kama kuna waya umefichwa. Hakuna waya. "Subhanallah," akasema, na akasema kwa moyo wake wote, maana mninga yeye anaujua. Mninga ndio uliomla mkono.

Huyu Mwanaheri binti Shomari ni mtu wa Mtoni, kazaliwa hapo na kazeekea hapo, na kwa majina wapo akina Mwanaheri wengi. Lakini ukisema "yule mfunga vitanda," hata muuza maji atakufikisha mlangoni. Na kazi yenyewe hakuitafuta, ilimfuata. Kwenye nyumba za watu wa pwani bi harusi huwekwa ndani. Siku kadhaa kabla ya ndoa anasingwa mwili kwa liwa, anapakwa hina, anafundwa na somo wake, na mwanamume haruhusiwi kukanyaga chumba kile, awe fundi awe nani. Sasa kitanda kipya nacho kinatoka kwa seremala vipande vipande, lazima kifungwe mle mle chumbani. Utafanyaje?

Mumewe, Mudathir, alikuwa seremala. Miaka thelathini na kitu iliyopita alifika na kitanda kwenye nyumba moja ya Temeke, mashangazi wakamzuia mlangoni, mikono viunoni. "Unaingia wapi, baba? Huna mke?" Mke akaitwa. Mwanaheri aliingia na bisibisi ambayo hajawahi kuishika maishani, na Mudathir akasimama nje dirishani, kageuza mgongo kwa adabu, anapiga kelele: "Ndefu juu, fupi chini! Usikaze moja mpaka mwisho, zungusha zote kwanza!" Wanawake mle ndani walicheka mpaka machozi. Kazi ya saa moja ilimchukua kutoka asubuhi mpaka alasiri, viganja vikamtoka malengelenge, lakini kitanda kilisimama. Kuanzia siku ile ikawa Mudathir anachonga, Mwanaheri anafunga. Mudathir alipofariki, maseremala wengine wakaendelea kumwita, kwa sababu mwanamke mwingine wa kazi hiyo hakuna.

Mwaka juzi mkono wa kulia ukaanza vituko. Kwanza ganzi kwenye vidole, halafu maumivu ya kifundo yanayopanda mpaka begani. Hospitali walimwambia mshipa umebanwa, aache kuzungusha vitu vigumu. Aache! Mwanaheri alirudi nyumbani, akajipaka dawa ya kuchua, hakumwambia mtu.

Ndipo kikaja kitanda cha Lulu.

Lulu ni binti wa ukoo mkubwa wa Temeke, ukoo wenye mabinti wengi na ndoa nyingi, na vitanda vyote vya ukoo ule alifunga Mwanaheri. Harusi ya Lulu ilikuwa ya kufana. Siku ya tatu ya fungate, mchana kweupe, kitanda kikaachia upande mmoja, kikaanguka kishindo kilichosikika hadi kwenye turubai la wageni. Hakuumia mtu. Lakini unajua mtaa! Watu walicheka wiki nzima, wakamtania bwana harusi mpaka akawa hatoki nje. Na walipomaliza kumcheka yeye, wakauliza: kwani kile kitanda kafunga nani?

Toka hapo simu ya Mwanaheri ikakaa kimya. Mwaka mzima. Akimwona Lulu sokoni Temeke, anavuka barabara, anajifanya anatazama ndizi.

Alfonsi alikuwa mfunga dari za jipsamu, Mmakonde wa Newala, mtu wa maneno machache na miwani mikubwa ya plastiki inayoning'inia kifuani saa zote. Siku aliposhuka Dar hana mwenyeji, Mwanaheri ndiye aliyempa chumba. Jioni moja alimkuta mama mwenye nyumba wake anajaribu kukaza mguu wa stuli kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka. Kesho yake akaja na ile mashine, bisibisi ya chaji, na betri zake mbili.

"Hii yangu ya zamani, mama, lakini nzima. Mie nimepata nyingine. Hii ya kwako."

Basi ndiyo hiyo iliyokuwa inakula mninga kama inakula muhogo wa kuchemsha. Na Mwanaheri, mwanamke wa miaka hamsini na nane, alipoishika mara ya kwanza na kubonyeza, kijitaa kikawaka pale mbele na kumulika kichwa cha skrubu, akacheka kwa sauti kama mtu aliyetekenywa.

"Ina macho!" akasema.

"Ina macho lakini haina akili," Alfonsi akajibu. "Akili uwe nayo wewe."

Akamfundisha kwa ukali, kama vile si yule yule anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Kabla ya kubadilisha ncha, betri itoke kwanza. Si baadaye, kwanza. Kitufe kile cha ubavuni kikisukumwa huku, mashine inakaza, huku, inafungua, katikati, imelala, na kila ukiiweka chini ilale. Nywele, mtandio, mikono ya dera, vyote vifungwe, maana mdomo wa mashine hauchagui cha kumeza. Miwani machoni. Na mkono wa pili usikae kamwe nyuma ya ubao unaofungwa. Hapo Alfonsi akafungua kiganja chake cha kushoto, akamwonyesha kovu la duara katikati. Mwanaheri akalitazama kovu lile kwa muda, akaitazama mashine.

Lakini kilichomstaajabisha kuliko vyote ni pete yenye namba shingoni mwa mashine. Ukiweka namba ndogo, skrubu ikishakaa sawasawa mashine inalia tak-tak-tak na kugoma kusukuma zaidi, isije ikapasua ubao. Mwanaheri aliufanya mchezo huo jioni nzima. Tak-tak-tak. Mudathir alichukua miaka kuufundisha mkono wa mkewe mahali pa kuishia, na huyu mdudu wa plastiki anajua! Hakujua afurahi au aone wivu.

Alitaka kuitia mafuta ya cherehani kwenye yale matundu ya ubavuni, kama alivyozoea kwa kila chenye kuzunguka. Kikopo kilikuwa mkononi tayari. Alfonsi akamnyang'anya. "Hapo ndipo inapopumulia, mama! Kitambaa kikavu, futa vumbi, basi. Hakuna maji, hakuna mafuta."

Haya. Akashika yote hayo, moja tu likamponyoka, na ndilo lililotaka kumchomea nyumba.

Kwao kitu kipya hakiachwi wazi. Wageni wanaingia, wanatoka, kila mmoja na jicho lake, na mtu ambaye jina lake limeshachafuka haongezi husuda juu. Siku ya tatu Mwanaheri aliichomeka betri kwenye chaja, akaiweka juu ya godoro, akaifunika kwa kanga, tena kaikunja mara mbili, akaenda zake jikoni. Alipokuwa anachambua mchele akasikia harufu. Alfonsi ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Akakimbia, akachomoa chaja ukutani, akainua kanga. Betri ilikuwa imevimba tumbo, ya moto hata haishikiki. Aliisukumia kwenye karai la mchanga kwa mwiko, akaitoa mpaka katikati ya ua, akaomba kila mtu akae mbali.

"Ungekuwa umelala humu je?" akauliza. "Hii kitu inachajiwa sakafuni, wazi, mtu yuko macho. Ikijaa, unachomoa!"

Mwanaheri alikaa kizingitini akiitazama ile betri kwenye mchanga, ndogo, nyeusi, kama kipande cha sabuni. Kumbe kitu kinachozungusha skrubu elfu ni moto, umefungiwa mle ndani, umetulia unangoja! Na yeye kaufunika kanga kama mtoto mchanga. Tangu hapo hakuigusa mashine ile ovyo. Aliishika kama anavyoshika msahafu, kwa mikono miwili na nia.

Alikuwa na wazo la kuitupa ile iliyovimba kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Alfonsi akashika kichwa. Kwenye moto, mama? Ilipopoa akaipeleka mwenyewe kwa watu wanaokusanya betri mbovu. Mwanaheri akabaki na moja.

Wiki mbili baadaye akaja Bi Nusaiba.

Bi Nusaiba alikuwa somo wa mabinti wote wa ule ukoo, na shangazi yao. Sasa ukoo ulikuwa umejenga Madale, kule vilimani, na Najat, mdogo wake Lulu, yumo ndani, anaolewa Jumamosi.

"Mie sikufichi, Mwanaheri," alisema hata kahawa hajaigusa. "Wenzangu hawakutaki. Wanasema mkono wako umezeeka. Mie nimesema nitakupa mara moja, kwa sababu sitaki dume kwenye chumba cha mwari. Ila fundi mwanamume atakuwepo nje. Ikifika adhuhuri kitanda hakijasimama, au kimesimama kinacheza, nitamhamisha mtoto, namfunika gubigubi, na yule anaingia. Na hapo mie na wewe tumeagana kwa kazi hii."

"Inshallah kitasimama," Mwanaheri akasema.

Jumamosi aliondoka mara baada ya alfajiri. Bajaji ikampandisha mwinuko wa mwisho wa Madale saa mbili na nusu, mfuko wa mashine mapajani. Nje ya geti, kwenye benchi, alikaa Gervas, fundi wa Tegeta, mtu mpole wa makamo, kakumbatia begi lake la vifaa. "Shikamoo, mama," akamwamkia, na akasogeza miguu ampishe. Mwanaheri aliitikia marahaba.

Chumbani palinukia udi na liwa. Najat alikaa kwenye mkeka pembeni, mikono na miguu imejaa hina mbichi, kainyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Bi Nusaiba kwenye kiti. Binamu wawili ukutani. Na Lulu kasimama dirishani. Alimwamkia kwa adabu, halafu akageuka kutazama nje. Mwanaheri akainamia mfuko wake.

Kitanda kilikuwa mninga mtupu kutoka kwa maseremala wa Keko, futi sita kwa sita, nguzo nne za besera za kutundikia chandarua, ubao wa kichwani umechongwa maua, chaga nene. Skrubu ishirini na nane. Akavua baibui, akafunga mtandio nyuma ya kichwa, akakunja mikono ya dera na kuifunga kwa lastiki, akavaa miwani ya plastiki. Binamu mmoja akaguna kicheko. Mwanaheri akatoa mashine.

"Ndiyo nini hiyo?" Bi Nusaiba akauliza.

Skrubu ya kwanza ikajibu. Drrrr, tak-tak-tak. Chumba kizima kikaruka. "Yallah!" akasema Bi Nusaiba, mkono kifuani. Ya pili. Ya tatu. Binamu wakasogea. Najat akasahau hina yake, akainuka, akaja kuinamia aone kile kijitaa, na ncha ya mtandio wake ikaning'inia karibu na mdomo wa mashine.

"Rudi nyuma!" Mwanaheri akafoka, na kidole kimeshaachia kitufe.

Mwari hafokewi siku yake, tena mbele ya somo wake. Bi Nusaiba akafinya macho.

"Nisameheni," Mwanaheri akasema, anahema. "Hii ikikamata kitambaa, inakuja na shingo. Mwanangu, kaa pale pale, utaiona vizuri tu." Bi Nusaiba akamtazama bi harusi, akaitazama mashine, kisha akaukunja mtandio wake mwenyewe na kuuchomeka kifuani.

Kazi ikaenda. Alizungusha zote kwanza bila kuzikaza, kisha akapandisha namba na kuanza kuzikaza moja baada ya moja, pembe kwa pembe. Mninga ule ulikuwa mgumu hasa, wa kale, mwekundu kama nyama. Pembe ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu mashine ikaanza kuguna, na Mwanaheri, kwa pupa ya kumaliza, akaibana, akaendelea tu. Ilipomaliza skrubu ya ishirini na sita ikanyamaza. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hata kijitaa hakikuwaka.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Akachomoa betri, nayo ilikuwa ya moto. Hapo akasikia sauti ya Alfonsi kama yupo mle ndani: ikichemka inajizima yenyewe, mama, usibishane nayo, ipumzishe. Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, kivulini, panapopita upepo.

"Imekufa?" Bi Nusaiba akauliza.

"Imechoka. Inapumzika."

"Itie kwenye friji basi," akasema binamu mmoja. Mwanaheri akakataa. "Basi ichajiwe." Akakataa pia, betri haichajiwi ikiwa ya moto. Mwingine akatoka mbio, akarudi na betri ya Gervas, ambaye kwa wema wake aliitoa mwenyewe akaipitisha getini. Ilikuwa ya kijani, ya kampuni nyingine. Karibu iingie. "Isukume kwa nguvu, itakaa!" Mwanaheri akaishika, akailinganisha, na hapo hapo akaiona akilini ile nyingine kwenye karai la mchanga, imevimba tumbo.

"Mrudishieni mwenyewe, na ahsante yake," akasema. "Si mwenzake huyu."

Bi Nusaiba akatazama saa ya ukutani. "Mwanaheri. Zimebaki mbili tu. Hiyo bisibisi ya mkono si unayo?"

Anayo. Ile ya Mudathir, mpini wa mti, chini kabisa mwa mfuko. Akaitoa, akaiweka juu ya kitanda, na hakuigusa tena. Alisimama tu, mkono wake wa kulia kaushika kwa wa kushoto.

Lulu akaja kutoka dirishani. Akaichukua yeye. "Nizungushe wapi?"

Akaonyeshwa. Akaiweka, akazungusha. Skrubu haikutikisika. Akapiga magoti, akaegemea kwa bega, akauma mdomo. Ikasogea kama upana wa uzi. Akapokea binamu wa kwanza, akatoa ukelele, akaitupa bisibisi na kupuliza kiganja. Binamu wa pili hakuweza hata kidogo. Bi Nusaiba mwenyewe akashuka kitini, mwanamke mzito, akajifunga kibwebwe, akaikamata kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Ikazunguka robo. Akakaa chini sakafuni, anahema, anakitazama kiganja chake kilichokuwa chekundu.

"Mwanaheri," akasema polepole. "Kitanda changu mie ulifunga hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa mkono huo?"

"Kwani nilikuwaga na mwingine?"

"Cha dada yangu? Vya wale wa Mbagala? Vingapi, we mwanamke?"

Mwanaheri hakuwahi kuvihesabu. Alifikiri. "Mia tatu na ushee, labda."

Najat, ambaye mikono yake ilikuwa haigusi kitu, alikuwa anapiga hesabu kwa midomo. "Mia tatu mara ishirini na nane… elfu nane na mia nne," akasema. Akarudia kwa sauti ndogo, "Skrubu elfu nane!" Wakageuka wote wakautazama ule mkono. Kidole gumba kimepinda, kifundo kimevimba, ngozi ya kiganja imekuwa ngumu na kung'aa kama gome. Mwanaheri mwenyewe akautazama, na kwa mara ya kwanza tangu uanze kumuuma hakuuonea hasira. Miaka yote alidhani ni kazi tu, kama kuosha vyombo. Mashine imechemka kwenye skrubu ya ishirini na sita, na huu mkono haukuchemka miaka thelathini. Mola wangu, akasema moyoni, nilikuwa natembea na kitu gani?

Na kwa sababu walikuwa wanautazama hivyo, kwa heshima, hakuweza kuvumilia.

"Lulu," akasema. "Kitanda chako sikukikaza."

Lulu akainua uso.

"Skrubu sita za upande wa ukutani ziliingia nusu. Mkono ulikataa. Ulikuwa umekufa kitambo na sikumwambia mtu. Nikaona haya, nikafuta mbao kwa kitambaa, nikapokea pongezi, nikaondoka. Watu waliosema nimeharibu, walisema kweli. Mngeweza kuvunjika, wewe na mumeo. Nisamehe, mwanangu."

Nje Gervas alikuwa anakohoa. Lulu alibaki kapiga magoti kando ya kitanda.

Mwanaheri akaenda dirishani. Akaigusa betri kwa nyuma ya vidole, kama unavyompima mtoto homa. Ilikuwa imepoa. Akaipachika, akateremsha mwendo, na safari hii akawa na subira: anakaza kidogo, anaacha, anakaza, anaacha. Skrubu ya ishirini na saba ikalia tak-tak-tak. Ya ishirini na nane akaipeleka taratibu kuliko zote, na ilipolia, chumba kizima kilipumua. Akasukuma kitufe katikati, akachomoa betri, akaiweka mashine sakafuni.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Bi Nusaiba hakusema hongera. Alipanda kitandani na uzito wake wote. Akawaita binamu, wakapanda. Akashika nguzo ya besera, akaitikisa kama anang'oa muhogo. Nguzo ikamtazama tu. Hakuna mlio, hakuna mchezo, kimya kama kaburi.

"Mwambieni yule baba wa nje aende zake," akasema, na sauti ilikuwa imemlainika. "Mpeni pilau kwanza."

Vigelegele vikapigwa. Mwanaheri hakuvisikia vizuri, alikuwa anafuta vumbi la mbao kwenye matundu ya mashine kwa kitambaa kikavu, kainamisha kichwa, maana Lulu alikuwa bado hajajibu, na bila jibu hilo kitanda kile kilikuwa mbao tu.

Lulu akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Bi Mwanaheri, unajua kitanda changu kimekaa wapi?"

Akatikisa kichwa.

"Juu ya matofali. Upande ule wa ukutani. Mwaka mzima. Mume wangu kataka kuita fundi sijui mara ngapi, nimemkatalia. Nimemwambia kitanda kina mwenyewe, atakuja. Halafu mwenyewe kila nikimwona sokoni nataka kumwita, anavuka barabara." Akaushika ule mkono wa kulia, kwa vidole viwili tu, asiuumize. "Kesho utakuja?"

Mwanaheri alivua miwani, ilikuwa imeingia ukungu.

"Nitakuja. Matofali mangapi?" akauliza.